Ibn Sina: Tabibu aliyetafuta kifafa ndani ya ubongo

 

 Tulipokuwa Shumba, katika Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba, mzee mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri na akakaa nasi barazani. Ni mvuvi. Alituambia kwamba mjukuu wake ana maradhi ya kuanguka. Hospitali wamempa vidonge vya kumeza kila siku, na nyumbani anasomewa. Jamaa zake wamemshikilia kuwa vidonge na kisomo havikai mahali pamoja, na kwamba lazima kimoja kiachwe. Akatuuliza aache kipi. Mtoto mwenyewe alikuwa naye, na mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu kubwa, kwa sababu siku moja alianguka jikoni moto ukiwa unawaka.

Tulimjibu mzee wetu kwa ufupi kwamba asiache vidonge, na kwamba kisomo hakimkatazi mtu dawa. Hata hivyo tuliona kuwa jibu fupi halitoshi, kwani swali lile si la mzee mmoja wala si la Shumba peke yake. Kwa hiyo leo tumekusudia kuwasimulia wasomaji maisha ya mwanachuoni ambaye aliwahi kulikabili suala hilo hilo takriban miaka elfu moja iliyopita, naye ni Abu Ali Al-Husayn bin Abdullah bin Sina, anayejulikana duniani kwa jina la Ibn Sina.

Kuzaliwa na kusoma kwake

Ibn Sina alizaliwa mwaka 370 Hijria, sawa na mwaka 980 Miladia, katika kijiji cha Afshana, karibu na mji wa Bukhara, ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistan. Baba yake, Abdullah, alikuwa mtu wa Balkh aliyehamia Bukhara na kupewa uongozi wa eneo la vijiji katika dola ya Wasamani. Mama yake aliitwa Sitara. Baadaye familia ilihamia Bukhara mjini ili watoto wapate kusoma, na alipofikia umri wa miaka kumi alikuwa ameshahifadhi Qur-ani na sehemu kubwa ya elimu ya lugha na adabu.

Wasomaji wetu wazingatie namna alivyosoma. Hesabu za Kihindi, yaani zile tarakimu tunazozitumia hadi leo, alifundishwa na muuza mboga. Fiqhi aliisoma kwa Ismail Al-Zahid. Mantiki na hesabu za maumbo alizianza kwa mwalimu aliyeitwa Al-Natili, kisha akampita mwalimu wake na kuendelea peke yake. Baba yake hakuona aibu kumpeleka mwanawe kwa muuza mboga maadamu elimu ilikuwa kwake.

Ibn Sina mwenyewe ameeleza kwamba alipokwama katika mas-ala, alikwenda msikitini akasali na kumuomba Mola wake amfungulie, kisha akarudi nyumbani na kuwasha taa na kuendelea kusoma hadi usiku mwingi. Hakusali akaacha kusoma, wala hakusoma akaacha kusali. Kitabu cha Aristotle cha falsafa ya juu alikisoma mara arobaini hata akakihifadhi pasi na kukielewa, mpaka siku moja sokoni alipouziwa kwa dirhamu tatu kitabu kidogo cha Al-Farabi kilichofafanua makusudio yake. Kesho yake alitoa sadaka kwa mafakiri kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu.

Utabibu aliuona si elimu ngumu. Akiwa na umri wa miaka kumi na sita alikuwa ameshaanza kuwatibu watu, na matabibu watu wazima walikuja kusoma kwake. Muda si mrefu mtawala wa Bukhara, Nuh bin Mansur, alishikwa na maradhi yaliyowashinda matabibu wake. Wao wenyewe wakamtaja kijana huyu, akaitwa, akashiriki katika matibabu. Malipo aliyoyaomba ni ruhusa ya kuingia katika maktaba ya mfalme. Humo aliviona vitabu ambavyo watu wengi hawakuwahi hata kuyasikia majina yake.

Safari na taabu

Mambo hayakumnyookea. Mwaka 999 dola ya Wasamani ilianguka, na baba yake akafariki alipokuwa na umri wa miaka ishirini na mbili hivi. Ibn Sina akaiacha Bukhara na hakurudi tena. Alikwenda Gurganj katika nchi ya Khwarazm, kisha akahama mji baada ya mji hadi akafika Jurjan, karibu na Bahari ya Kaspi, mnamo mwaka 1012. Alikuwa amekusudia kumwendea mtawala wa huko aliyeitwa Qabus, lakini Qabus alikamatwa na kufia kifungoni.

Hapo Jurjan ndipo alipokutana na Abu Ubayd Al-Juzjani, mwanafunzi aliyefuatana naye kwa miaka ishirini na tano iliyobaki ya umri wake, na ambaye kwake tumepokea habari zake nyingi. Na hapo ndipo alipoanza kukiandika kitabu chake kikubwa cha utabibu, Al-Qanun fi Al-Tibb. Sehemu nyingine aliiandika Rayy na akakimalizia Hamadan. Kitabu hicho basi hakikuandikwa na mtu aliyestarehe katika nyumba moja, bali na msafiri.

Huko Rayy, karibu na Tehran ya leo, alimtibu mtawala kijana Majd Al-Dawla ambaye alikuwa na maradhi yaliyoitwa melankolia, yaani huzuni nzito inayoharibu fikra. Kisha alihamia Hamadan kwa ndugu yake, Shams Al-Dawla, aliyekuwa akisumbuliwa na msokoto wa tumbo. Alimtibu akapona, na akafanywa waziri. Askari wakamuasi, wakaipora nyumba yake na kutaka auawe, ikambidi ajifiche kwa siku arobaini. Maradhi ya mtawala yaliporudi, tabibu alitafutwa, akaombwa radhi na kurudishiwa uwaziri. Mchana alikuwa akishughulika na mambo ya dola, na usiku wanafunzi hukusanyika nyumbani kwake, mmoja akisoma katika kitabu cha Al-Shifa na mwengine katika Al-Qanun.

Baada ya kufa Shams Al-Dawla mwaka 1021, Ibn Sina alituhumiwa kuandikiana kwa siri na mtawala wa Isfahan, akafungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan, na humo ndani akaandika vitabu vyengine. Hatimaye alitoroka Hamadan akiwa amevaa mavazi ya masufi na kufika Isfahan, alikoishi kwa heshima mpaka karibu na mwisho wa umri wake.

Aliyoyaandika kuhusu ubongo na mishipa ya fahamu

Al-Qanun kina vitabu vitano. Kitabu cha tatu kinayaeleza maradhi ya kila kiungo kuanzia kichwani hadi miguuni, na kinaanza na ubongo. Humo ameandika juu ya maumivu ya kichwa, uvimbe wa ngozi zinazoufunika ubongo, kusahau, melankolia, kizunguzungu, kifafa, kiharusi, kupooza na kutetemeka. Mishipa ya fahamu ameieleza kwamba inatoka katika ubongo na uti wa mgongo, na kwamba kwayo mwanadamu huhisi na hutikisika. Kwa hiyo mkono ukilegea, tabibu asiutazame mkono peke yake. Atafute chanzo kule mshipa wake unakotokea.

Kuhusu nguvu za akili, aliziweka katika sehemu mbalimbali za ubongo: kupokea habari za hisia upande wa mbele, kufikiri katikati, na kukumbuka upande wa nyuma. Hoja yake ilikuwa kwamba sehemu fulani ikidhurika, kazi yake ndiyo inayopungua. Njia hiyo ya kuijua kazi ya kiungo kwa kuyatazama madhara yake imetumiwa na wataalamu wa ubongo hadi zama zetu.

Alijitazama yeye mwenyewe pia. Al-Juzjani amesimulia kuwa siku moja aliumwa na kichwa, akahisi kwamba kuna kitu kinachoteremkia kwenye ngozi ya ubongo na akachelea uvimbe. Akaagiza barafu nyingi ipondwe na kufungwa katika kitambaa, akakifunika kichwa chake nayo mpaka maumivu yakaondoka. Mambo mengi ya namna hii aliyoyajaribu alikusudia kuyaingiza katika Al-Qanun, lakini maandishi yake yalipotea.

Katika kitabu cha pili ameweka masharti saba ya kuijaribu dawa. Miongoni mwake ni kwamba dawa iwe safi haikuchanganyika na athari nyengine. Ijaribiwe kwa maradhi moja yasiyochanganyika. Athari yake ionekane kila mara au mara nyingi, isiwe ya bahati. Na jaribio lifanywe kwa mwili wa mwanadamu, kwa kuwa kinachomfaa simba au farasi huenda kisimfae mtu. Sisi tulipoyasoma masharti haya chuo kikuu, baada ya kuwa tumeshamsoma mtu huyu kwa jina tu katika madrasa zetu, tuliona haya kwamba tulikuwa hatuijui mali yetu wenyewe.

Jambo la majini

Sasa tunafika kwenye swali la mzee wetu wa Shumba. Zama za Ibn Sina, kama zama zetu, walikuwapo waliosema kwamba melankolia inatokana na majini. Ibn Sina alilitaja neno hilo wazi katika Al-Qanun. Hakulifanyia kejeli wala hakulipigania. Alichokisema, kwa maana yake, ni kwamba mtu anayesoma utabibu halimshughulishi suala la kuwa ni jini au si jini. Kwani hata ikiwa ni jini, basi kilichotokea ni kwamba mwili umebadilika, na tabibu kazi yake ni kuyatibu mabadiliko ya mwili.

Ndugu msomaji, litafakari neno hili. Mwenyezi Mungu ametufundisha kuwa majini wapo, na sisi tunaamini. Lakini kuamini kwamba wapo ni jambo moja, na kuhukumu kwamba mtoto huyu aliyeanguka leo ameangushwa na jini ni jambo jengine linalohitaji dalili. Nasi tunapoukuta mwili umedhurika, tunalazimika kuutibu mwili. Ibn Al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350 na ambaye hakuwa mfuasi wa wanafalsafa, ameeleza katika Zad Al-Ma'ad kwamba kifafa ni namna mbili: kiko kinachotokana na roho mbaya, na kiko kinachotokana na mwili, na hiki cha pili ndicho wanachokizungumza matabibu. Basi hata anayeshikilia ile ya kwanza hana haki ya kuikanusha ya pili.

Na kabla ya wote hao tunayo Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (RA), juu ya mwanamke aliyemwendea Mtume (SAW) akalalamika kwamba anaanguka na nguo zinamvuka, na akataka aombewe. Mtume (SAW) akamkhiyarisha baina ya kusubiri akapata Pepo, na kuombewa akapona. Akachagua kusubiri, ila aombewe asivukwe na nguo. Mtume (SAW) hakumkemea, hakumwita mwenye laana, wala hakumfukuza mbele za watu. Alimsikiliza na akamuombea sitara yake. Sasa sisi tunaowaficha watoto wetu vyumba vya uani na kuwatoa skuli kwa sababu wanaanguka, mwenendo huo tumeupokea kwa nani? Wala asitokee mtu akaifanya subira ya mwanamke yule kuwa hoja ya kuacha dawa, kwani Mtume huyo huyo (SAW) ndiye aliyetuamrisha tujitibu na akatufundisha kwamba hakuna maradhi ila yameteremshiwa dawa yake.

Alipokosea na alipopatia

Tusimpambe mtu kwa asichokuwa nacho. Ibn Sina alidhani kwamba kifafa kinatokana na kuziba kwa mapango ya ubongo kusikotimia, na kiharusi ni kuziba kukitimia. Hilo sivyo. Leo inajulikana kwamba ubongo umejengwa kwa chembe hai zisizohesabika zinazopelekeana habari kwa umeme mdogo na kemikali. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alizichora chembe hizo kwa ustadi na akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1906. Mjerumani Hans Berger aliurekodi umeme wa ubongo wa mwanadamu mwaka 1924 na kuitangaza kazi yake mwaka 1929. Kwa kazi za watu hao na wengine imethibiti kwamba degedege la kifafa ni umeme wa ubongo uliotoka katika mpango wake kwa muda, mfano wa jahazi lililokosa mshika usukani kwa dakika chache. Chanzo chake huenda kikawa kuumia wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kuanguka kutoka juu ya mkarafuu au mnazi, au urithi. Na mara nyingine hakijulikani. Kiharusi nacho ni kuziba au kupasuka kwa mshipa wa damu ndani ya ubongo.

Basi alikosea katika kueleza namna maradhi yanavyotokea. Alichopatia ni mahali pa kutafuta, na adabu ya kutafuta.

Aidha katika itikadi wanavyuoni wetu walimpinga katika mambo mazito. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kitabu kizima kuwajibu wanafalsafa, naye Ibn Sina yumo mbele yao. Mwanafunzi wake pia hakuyaficha mapungufu ya mwenendo wake. Hatumsimulii leo kwa kumfanya walii. Lakini huyo huyo Al-Ghazali ametutahadharisha tusiikatae hesabu iliyo sahihi kwa sababu tu imesemwa na mwanafalsafa. Na katika Ihya ameuhesabu utabibu kuwa faradhi ya kutoshelezana, akalalamika kwamba watu wanasongamana katika kusoma fiqhi na mabishano yake, ilhali miji mingine haina tabibu Muislamu hata mmoja. Malalamiko yale tukiyasoma leo tukiwa Pemba, tunaona kama kwamba yameandikwa jana.

Mwisho wake

Msokoto wa tumbo alioutibu kwa wafalme ulimshika yeye mwenyewe akiwa katika msafara wa kijeshi pamoja na mtawala wa Isfahan. Kwa kuharakia kupona alijitibu kwa nguvu kupita kiasi, hata matumbo yake yakachubuka. Kisha, kama alivyosimulia Al-Juzjani, akapatwa na kifafa, kile ambacho huenda kikaufuata ugonjwa huo. Mtu aliyewaandikia walimwengu mlango mzima juu ya kifafa, akaanguka kwa kifafa. Alikuwa akitumia dawa ya mchanganyiko kwa ajili yake, na mmoja wa watumishi wake, aliyekuwa amemwibia mali na kuogopa adhabu, akamzidishia afyuni ndani yake.

Alipotambua kuwa nguvu zimemwisha aliacha kujitibu. Akatubia, akatoa sadaka kwa mafakiri, akawarudishia haki zao aliowajua, akawaacha huru watumwa wake, na akawa akikhitimu Qur-ani kila siku tatu. Alifariki Hamadan katika mwezi wa Ramadhani mwaka 428 Hijria, sawa na mwaka 1037, na kaburi lake liko huko hadi leo. Al-Qanun kilifasiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona katika karne ya 12, kikapigwa chapa kwa Kiarabu mjini Roma mwaka 1593, na kikasomeshwa katika vyuo vya Ulaya mpaka karne ya 17.

Sisi tunachukua nini

Katika zama hizo tabibu hakuachwa peke yake. Mwaka 372 Hijria (982) Adud Al-Dawla, ami yao wale watawala wawili aliowatibu Ibn Sina, alifungua hospitali kubwa Baghdad. Nur Al-Din alijenga nyengine Damascus mwaka 1154, na Sultani Qalawun nyengine Cairo mwaka 1284. Hospitali hizo ziliendeshwa kwa mali za wakfu, na wagonjwa wa akili walikuwa na nafasi yao ndani yake. Huo ulikuwa mpango wa jamii nzima.

Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Linasema kuwa hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila ya kuanguka lau wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Lakini katika nchi masikini wagonjwa wapatao watatu katika kila wanne hawapati matibabu wanayoyahitaji. Nayo dawa si ngeni wala si ya anasa. Fenobabitoni inatumika kwa kifafa tangu mwaka 1912 na ni miongoni mwa dawa za bei nafuu.

Kwa sababu hiyo, mwezi Mei 2022 mataifa yalipitisha mpango wa dunia wa kifafa na maradhi mengine ya mfumo wa fahamu, wa miaka 2022 hadi 2031. Miongoni mwa malengo yake ni kwamba asilimia 75 ya nchi ziwe na sera ya maradhi hayo ifikapo mwaka 2031, na kwamba huduma kwa wenye kifafa iongezeke kwa nusu kulinganisha na ilivyokuwa mwaka 2021. Kwetu Zanzibar, Hospitali ya Mnazi Mmoja ina jengo la upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu tangu mwaka 2014, kwa msaada wa madaktari wa NED kutoka Hispania, na hospitali ya Kidongo Chekundu inawahudumia wagonjwa wa akili. Zote mbili ziko Unguja. Mtu wa Shumba anatenganishwa nazo na bahari, nauli na siku za kazi anazozikosa. Sera nzuri kwake ni ile itakayokifikisha kidonge katika kituo cha afya kilicho karibu naye, kila mwezi pasi na kukatika.

Maimamu na walimu wa vyuo tuna sehemu yetu. Tusiseme juu ya mimbari neno litakalomfanya mzazi amwage dawa. Ikumbukwe kwamba dawa ya kifafa ikikatwa ghafla huweza kuleta degedege refu linaloua. Asomaye ruqya asome, kwani ni Sunna, lakini asimzuie mgonjwa na hospitali, na asimpige wala asimfukize kwa kudai kwamba anampiga jini, kwa kuwa anayeumia ni mtoto wa watu.

Kila nyumba nayo ijue la kufanya mtu anapoanguka. Aondolewe vitu vya moto na vyenye ncha, awekewe kitu laini chini ya kichwa, alazwe ubavu mate yatoke. Asishikwe kwa nguvu, wala asitiwe kijiko mdomoni. Itazamwe saa, degedege likizidi dakika tano apelekwe hospitali mbio. Mtoto mdogo mwenye homa akishikwa na degedege naye apelekwe, asifichwe kwa kuchelea ndege au shetani. Mwenye kifafa asiende baharini peke yake, wala asipande mkarafuu, mpaka maradhi yake yatulie.

Wenye mali tunawanasihi waitazame sunna hii ya wakfu. Shamba la mikarafuu au duka moja likiwekwa wakfu kwa ajili ya dawa za wenye kifafa wa wilaya moja, thawabu yake haitakatika. Na wazazi wenye watoto wanaofahamu masomo ya sayansi, tunawaomba wasiwakatishe. Pemba inawahitaji madaktari wa ubongo waliolelewa katika vyuo vyetu, watakaomsikiliza mzee anayeuliza aache kipi na kumjibu kwa lugha yake na dini yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, amsamehe Ibn Sina makosa yake na amlipe kwa manufaa aliyowaachia waja, na atujaalie elimu yenye kunufaisha. Amin.